Mikeka Iliyokanyagwa na Pikipiki

Mimi sikuwa napunga mkono. Hilo nataka lijulikane kwanza.

Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni, pale Garissa mjini, na gazeti la picha, la zamani, jalada limechanika. Wageni fulani waliliacha kwenye kabati la vitabu. Akalifungua katikati, akaniwekea magotini. "Ayeeyo," akasema, maana hivyo ndivyo watoto wetu wanavyomwita nyanya, "huyu mama si wewe?"

Nikatazama. Pikipiki nyekundu imesimama ukingoni mwa maji, na nyuma yake kuna mwanamke mwenye mtandio mweusi, mkono juu, mdomo wazi. Ni mimi. Nilipomwambia anisomee, akasoma Kiingereza kimya kimya, kisha akanigeuzia kwa lugha yetu. Mwandishi anasema yeye na rafiki yake walifika kwa pikipiki kwenye kisiwa cha mbali, kaskazini ya Kenya, kisiwa kisicho na mtu. Baadaye kidogo wenyeji wakatokea vichakani, wakawapungia mkono kwa furaha.

Kwa furaha! Nililirusha lile gazeti, mjukuu akalidaka. Mkono wangu ulikuwa juu kwa sababu nilikuwa nawaambia wazime ile mashine. Mdomo wangu ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nawalaani, Mungu anisamehe. Na mtu akitazama vizuri chini ya magurudumu, ataona kile ambacho mwandishi hakukitaja hata kwa neno moja. Ni mikeka. Ni mikeka ya nyumba ya binti yangu.

Nilisoma ngumbaru miaka miwili tu, na Kiswahili changu ni cha sokoni, nilikipata nikiuza maziwa. Nikikosea mnivumilie. Lakini mambo ya siku ile sikosei. Majina ya wote waliokuwapo ninayo, ya watu, ya ngamia, hata la yule mbuzi aliyechinjwa. Sitayataja, maana wengine wako hai na wengine wako mbele ya Mungu, na sitaki mtu aseme nimemtia kwenye maandishi bila ruhusa kama nilivyotiwa mimi.

Kwanza, hakikuwa kisiwa. Ni malisho yetu ya kiangazi, kaskazini ya Modogashe, mwinuko ambao ukiupanda hujui kuwa umepanda. Mwaka ule mvua ilianza kama mvua nyingine, kisha ikakataa kuacha. Watu wa redio waliiita Elnino. Maji yalikuja kutoka upande wa Isiolo, yakajaza kinamasi, yakajaza barabara, malori yakazama mpaka milangoni. Asubuhi moja tuliamka tukaona maji pande zote nne. Tulikuwa nyumba sita na mbuzi wetu na ngamia wachache, mahali ambapo ukitembea kutoka ncha hii hadi ncha ile, chai haijapoa.

Mimi nilikuwa na shughuli kubwa kuliko maji. Binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Griftu, na tulikuwa tumekubaliana kwamba harusi iwe kabla ya Ramadhani. Kwetu mwezi wa kufunga si mwezi wa kuozesha binti. Ilikuwa imebaki kama wiki tatu mwezi uandame. Watu wa bwana harusi walitutumia habari kupitia wachungaji: maji yakipungua kidogo tu, tunakuja kuchukua.

Sasa, msomaji ambaye si wa kwetu lazima ajue jambo moja, au hataelewa hasira yangu. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ana ngamia, ana mbuzi, ana maneno mengi. Nyumba hana. Ni fito zilizopindwa na mikeka inayofunikwa juu yake, unaifungua, unaipakia juu ya ngamia, unahama nayo. Bibi harusi huenda kwa mumewe na nyumba yake, iliyotengenezwa na mama yake na wanawake wa kwao. Akienda bila nyumba, analala kwenye nyumba ya mama mkwe kama mgeni, na siku yoyote wakigombana ataambiwa, "Ulikuja na nini?"

Na mikeka yenyewe haisukwi kwa ukindu kama ile ya pwani. Unachuna gome la mgunga, unatoa lile la ndani, unalitia mdomoni, unatafuna. Ni chungu, linakausha ulimi kama ndizi mbichi. Unatafuna mpaka liwe laini kama pamba, kisha unalisokotea pajani liwe kamba, ndipo uanze kusuka. Unatafuna ukichunga, ukikamua, ukingojea chungu kichemke. Mkeka mkubwa mmoja ni misimu miwili ya kutafuna. Meno yangu ya mbele ni mafupi. Daktari wa Garissa aliwahi kuniuliza kama niliyasaga kwa jiwe. Nikamwambia niliyasaga kwa nyumba.

Nyumba ya binti yangu ilikuwa na mikeka saba. Ule mkubwa, wa kuwekwa upande wa mgongo, nyuma ya kitanda, niliutafuna mimi peke yangu, kuanzia binti alipoota matiti.

Maji yalipopanda niliipeleka nyumba ile kwenye ncha ya juu zaidi, upande wa kusini, mbali na mbuzi, maana mbuzi hula kila kitu. Nikaipandisha juu ya mti, fito chini, mikeka juu, ngozi ya ng'ombe juu ya yote, kisha nikazungusha miiba kuuzunguka mti wote. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Mtu akihama huacha vitu vyake mtini, anazungusha miiba, anakwenda, na akirudi baada ya miezi mingi anakuta hata kijiko hakikusogezwa. Wakati wa shifta, watu walipokuwa wakiibiana ngamia na kuuana, vitu vya mtini havikuguswa. Mwizi mwenyewe ana vyake mtini mahali.

Basi siku ile nilikuwa na mbuzi, jua limepanda kiasi. Nikasikia pikipiki.

Nilidhani masikio yameharibika. Pikipiki mahali pasipo na barabara, katikati ya maji? Sauti ilitoka kusini. Nikawaacha mbuzi nikakimbia, na mimi wakati huo nilikuwa mwanamke mzima wa kuozesha, si wa kukimbia.

Walikuwa wawili. Mmoja mzungu mrefu, mwekundu shingoni kama aliyechomwa kwa chuma, na mwingine kijana wa Nairobi, rafiki yake. Vijana wa lori wa Modogashe walikuwa wamefunga mapipa ya mafuta kwa mbao, wakivusha watu na unga. Hawa wawili waliwaomba wawavushe na pikipiki yao mpaka kwetu, kwa sababu walisikia kuna kisiwa ambacho gari haliwezi kufika. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu! Sisi tulikuwa tunaomba Mungu atutoe pale, wao wanaomba mapipa yawalete. Vijana wa lori waliwashusha wakarudi zao. Na ukingoni mwa maji ilikuwa tope nyeusi, ile inayovua viatu.

Nilipotokea kichakani, mzungu alikuwa juu ya pikipiki, rafiki yake nyuma anasukuma. Miiba yangu ilikuwa imevutwa kando. Ngozi ya ng'ombe imetupwa. Mikeka minne imetandikwa juu ya tope kama njia ya mfalme, na gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka bila kwenda popote, linautafuna ule mkeka mkubwa. Mimi niliutafuna misimu miwili kuutengeneza. Lile gurudumu liliutafuna kwa muda wa kusema Bismillahi.

"Simama!" nikapiga kelele. "Zima! Zima hiyo kitu!"

Fimbo nilikuwa nimeitupa njiani, ndiyo maana mkononi hakuna kitu kwenye picha. Mzungu akazima. Akashuka, akanitazama, akacheka kwa furaha, akarudi nyuma hatua chache, akanipiga picha mkono wangu ungali juu.

Yule wa Nairobi akaja mbio. "Habari mama. Pole sana. Tumekwama kidogo."

"Mmekwama juu ya nini?"

"Juu ya matope, mathe."

"Tazama chini."

Akatazama. "Ah. Hiyo ni mikeka tu tulipata hapo."

"Mlipata? Ilikuwa imepotea?"

"Ilikuwa kwa mti."

"Ilipanda mti yenyewe? Na miiba ilijizungushia yenyewe?"

Mzungu akamwuliza kitu, akamjibu, mzungu akaweka mkono kifuani akainama kama mtu anayesali vibaya. Nilipiga magoti topeni nikaanza kuuvuta mkeka kutoka chini ya gurudumu. Ulikuwa umepasuka kutoka ukingo hadi katikati, upana wa kiganja na nusu. Mitatu mingine ilikuwa na tope, lakini ilikuwa mizima. Ule mkubwa, nilipouinua, niliona maji upande wa pili.

Mtu wa kwanza kunisaidia kuubeba alikuwa yule wa Nairobi. Sikumshukuru.

Sasa msikie alivyofanya mume wangu. Alitoka nyumbani kwa heshima zote, kofia safi kichwani, akawasalimu, akawashika mkono, akawaketisha kivulini, akaita maziwa. Akachinja mbuzi! Mimi nimesimama pale na mkeka begani, tope linanitiririka mgongoni, naye anauliza wageni kama safari ilikuwa ya salama.

"Mzee," nikamwambia, "tazama."

Akautazama mkeka. Akawatazama wageni. "Hawakujua," akasema. "Ni wageni wa Mungu. Nimewasamehe."

"Umewasamehe nini chako?"

Wanaume waliokuwa wameketi wakaangalia chini.

"Punguza sauti, mama watoto. Wageni wanasikia."

"Wasikie. Ndiyo maana nasema kwa Kiswahili. Wewe umechinja mbuzi wako, vizuri, ni wako. Mkeka ni wangu na wa binti yangu. Hapa huna kitu cha kusamehe."

Na alijua ni kweli. Mume wangu alikuwa mtu wa haki hata alipokuwa ananiudhi. Akakuna ndevu, akasema polepole, "Maneno ya nyumba, kweli, ni ya mwenye nyumba." Wale wazee wengine hawakumpinga. Hapo ndipo wageni walipoacha kuwa wa mume wangu wakawa wangu.

Mzungu akatoa pochi. Nikamwambia rafiki yake amwambie airudishe mfukoni. Nitanunua nini, na wapi? Hakuna duka duniani linalouza meno.

"Basi unataka nini, mama?" akauliza yule wa Nairobi, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

Nikamwonyesha binti yangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya ngamia akilia, mtandio mdomoni. "Huyu anaolewa kabla mwezi haujaandama. Mwezi ukiandama, tunafunga, na mtu aliyefunga hatafuni gome mchana. Nahitaji kamba ya kuziba tundu lile ndani ya siku chini ya ishirini. Wanawake wa hapa tuko saba, na wawili hawana meno. Nyinyi mna meno?"

Alidhani ni mzaha. "Tunayo," akasema.

"Basi mtatafuna."

Aliyepiga kelele kwanza alikuwa wifi yangu, dada ya mume wangu, mwanamke ambaye ulimi wake ungechuna mgunga bila shoka. "Abaayo, dada! Wanaume watafune nyumba ya bibi harusi? Tangu lini? Na mate ya watu ambao hata kutawadha hawajui?"

"Kamba itaoshwa. Itachemshwa. Itaanikwa juani siku mbili."

"Na watu wa Griftu wakiuliza?"

"Watajibiwa."

"Wallahi, mimi sitakuwapo wakijibiwa," akasema wifi. Lakini aliketi palepale asiondoke, kwa sababu hakutaka kukosa kuona.

Nikawaletea gome. Nikawaonyesha. Yule wa Nairobi alitia mdomoni, uso ukajikunja, macho yakamtoka machozi. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Mzungu akatia fundo kubwa shavuni kama ngamia, akatafuna, akatabasamu na meno yote yamekuwa ya kahawia, akanionyesha kidole gumba.

"Huyu anapenda!" wifi akasema. "Abaayo, umemwadhibu kwa halua!"

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mapipa hayakurudi, maana maji yalipanda tena, na wale wawili walikaa kwetu siku kumi na moja. Siku kumi na moja mzungu yule alitafuna akifurahi. Alitafuna akinipiga picha. Alitafuna akiandika kwenye kitabu chake kidogo. Nilitaka aone uchungu wa kitu alichoharibu, naye alikiona kuwa ni sehemu ya safari yake! Adhabu yangu niliyoifikiria kwa hasira zote, yeye aliipokea kama maziwa ya mgeni. Akitafuna kidogo, anatema, anaamka, anawasha pikipiki yake kuwatisha mbuzi, anazunguka mwinuko wetu mara mbili, anarudi ameloa jasho, anasema kupitia rafiki yake kwamba mahali hapa ni pazuri sana. Binti yangu anakosa usingizi, naye anasema pazuri!

Na kamba yake haikuwa kamba. Alikuwa halainishi mpaka mwisho, anaacha mifupa ya gome ndani. Nikamrudishia mara tatu. Mara ya nne nikachoka.

Yule wa Nairobi alikuwa mtu mwingine. Siku ya pili fizi zilimtoka damu. Siku ya tatu hakuweza kula nyama, akawa anakunywa maziwa tu. Lakini hakuacha. Siku ya nne nilimpa gome lililokwisha kutafunwa, nikataka kumwonyesha jinsi ya kusokota, na kabla sijafungua mdomo, alipandisha suruali, akalitemea mate pajani, akasokota. Mkono mmoja, kwenda na kurudi. Kamba ikatoka nyembamba, sawasawa, kama iliyopimwa.

Nikamshika mkono. "Nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Anasuka viondo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namsokotea katani."

Nilisahau kuwa wifi na wanawake wote wapo. Hasira iliyokuwa imeanza kupoa ilirudi ikanijaa mpaka masikioni.

"Basi ulijua!"

Akaacha kusokota.

"Huyu mwenzako hajui, kwao labda mikeka inamea shambani. Lakini wewe! Uliishika kwa mikono yako ukaishusha mtini. Uliona kamba. Uliona ni kazi ya paja la mwanamke. Ukaitandika kwenye tope?"

"Niliona," akasema. Alikuwa anatazama kamba yake. "Nilimwambia hivi ni vitu vya mtu. Akasema hapa hakuna mtu, ramani inaonyesha hakuna mtu. Akasema tutavirudisha vile vile."

"Na wewe ukanyamaza."

"Pikipiki ni yake, mama. Na safari ni yake. Mimi nimeletwa tu kwa sababu najua lugha."

"Lugha unaijua," nikamwambia, "lakini siku ile hukuitumia."

Wifi yangu, ambaye hajawahi kumhurumia mtu hadharani, akamsogezea kibuyu cha maziwa kwa mguu. "Kunywa," akamwambia. "Huyu mama atakula hata masikio yako. Kunywa, kisha sokota."

Tangu siku hiyo tulifanya kazi hivi: wanawake na mzungu wanatafuna, kijana yule anasokota, mimi nasuka. Nilikata pande zote mbili za lile tundu zikawa sawa, nikaanza kufunga kamba mpya na ya zamani, moja baada ya moja, tangu jua linapotoka mpaka nisipoona vidole. Binti yangu alikuwa ananishikia kingo. Siku moja aliuliza tu, "Hooyo, mama, isipokwisha?" Nikamwambia itakwisha. Mimi mwenyewe sikuamini. Kila magharibi wanaume walikuwa wanahesabu kwa vidole siku za Shaabani zilizobaki kabla ya Ramadhani, na mimi nilikuwa nachukia vidole vyao.

Siku ya kumi na moja mapipa yalirudi. Mzungu alifunga virago haraka kama mtoto anayeitwa nyumbani. Akaja kuniaga, akanishukuru kwa kumfundisha. Kunishukuru kwa kumfundisha! Nikamwuliza rafiki yake, "Hajaelewa bado?"

"Hajaelewa, mama."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia mara nyingi. Anasikia kama hadithi."

Kijana yule alinipa kamba zake zote zilizobaki, zimekunjwa vizuri, zimefungwa kwa fundo la mama yake. Hakuomba msamaha tena. Aliniuliza tu kama zitatosha. Nikamwambia sijui. Akapanda mapipa, akaketi akitutazama, na mwenzake alikuwa amesimama anapunga mkono. Kama kuna aliyepunga mkono siku zote zile, ni yeye. Sisi hatukupunga.

Zilikaribia kutosha. Ilibaki sehemu ya urefu wa mkono, karibu na ukingo, na kamba nzuri zikaisha. Tulikuwa tumechuna migunga yote ya karibu, ikabaki myeupe kama mbuzi waliochunwa. Nikabaki na ile kamba ya mzungu, yenye mifupa. Nikaitazama, nikatukana, nikaitumia.

Maji yalishuka. Watu wa Griftu walikuja siku chache kabla ya mwezi kuandama, ngamia wao wana tope mpaka tumboni. Wanawake wetu wakasimamisha fito, wakapandisha mikeka, na ule mkubwa tukaufunga nyuma, mahali pake. Wifi alinong'ona tuugeuze, kovu liangalie nje, gizani, ili mama mkwe akiingia asilione. Nilikataa. Nikamwambia kitu nilichokitengeneza kwa hasira kiasi kile sitakificha.

Mama wa bwana harusi aliingia. Mwanamke mwembamba, mkali, mwenye vidole vya kazi. Kama ilivyo desturi, alipitisha mkono kwenye kila mkeka, asizungumze. Akafika mgongoni. Mkono ukasimama. Kamba za pale zilikuwa nyekundu mbichi, za zamani zimekwisha kuwa nyeusi kwa moshi wa ubani. Binti yangu alikuwa ameketi kitandani amefunika uso.

"Mkono huu si wa kwenu," mama yule akasema.

"Si wetu," nikajibu.

"Umenunua?"

"Nyumba hainunuliwi. Mkeka ulipasuliwa na pikipiki."

Akanigeukia. "Pikipiki? Hapa?"

"Hapa. Na waliopasua wakatafuna, mpaka ukazibwa. Wanaume wawili. Mmoja mzungu. Tumezichemsha kamba."

Wifi yangu alikuwa ameahidi kuwa hatakuwapo. Alikuwa mlangoni, shingo imeingia yote.

Mama yule alilisogelea kovu. Akalivuta kwa nguvu, kwa mikono yote miwili, kama anavyovuta mtu anayetafuta sababu ya kukataa. Likashika. Kisha akauliza, "Uliwatafunisha siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Akaketi chini. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, akajifuta macho, akamwita dada yake aliyekuwa nje: "Njoo usikie mama wa huyu msichana ni mtu wa namna gani! Njoo, kabla hatujaogopa kumchukua!" Akamfunua binti yangu uso, akambusu kichwani, akaweka chombo chake cha maziwa kando ya kitanda. Hapo harusi ilikuwa imekwisha kufungwa, hata kama shehe alikuwa bado anatafuta viatu vyake.

Asubuhi yake nyumba ilifunguliwa, ikapakiwa, ikaenda Griftu juu ya ngamia wawili. Mwezi uliandama akiwa kwake.

Sasa yule mwandishi anasema hakukuwa na mtu. Nimemwambia mjukuu wangu, binti wa binti huyo huyo, aliyezaliwa ndani ya mikeka ile, alitunze hilo gazeti. Nataka liwe karibu na maandishi yangu, mtu akilisoma lake alisome na langu.

Na jambo la mwisho, kwa kuwa ameandika pia kwamba alijifunza kusuka kwetu. Zile kamba za kijana wa Nairobi hazijakatika hata moja. Binti yangu alihama na mkeka ule kwa miaka mingi, na sasa ameutandika chini katika nyumba ya mabati, na bado zimeshika. Ile ya mzungu, ya pale ukingoni, ilikatika kabla ya Idi, na nikaenda mpaka Griftu kuitafuna upya mwenyewe.